Hatukatai Kupimwa, Tunakataa Kukadiriwa Gizani

CHUKUA vijana wawili wa Same. Tuwaite wa kwanza na wa pili, maana hapa majina hayana kazi. Wote wamezaliwa milimani, mmoja tuseme Suji na mwingine Mamba Myamba. Wote wamekua wakiinua shingo kila ndege ndogo inapokatiza kupeleka watalii Mkomazi, na wote wakaapa kwamba siku moja watakaa kiti cha mbele. Familia zikajinyima. Tangawizi ikauzwa, kiwanja cha Same mjini kikauzwa, ng'ombe wa babu akauzwa, na wajomba walioko Dar es Salaam wakachangishwa kama vile ni harusi. Vijana wakasoma, wakaruka, wakakusanya saa zao za angani.

Kisha katikati ya safari mambo yakawageuka. Usingizi ukawakimbia, chakula kikakosa ladha, kuamka asubuhi kukawa mzigo wa gunia. Shangazi akasema kijana amerogwa. Jirani akasema ni bangi. Daktari akasema ni sonona, ule ugonjwa wa moyo kuzama hata bila msiba, akawaandikia vidonge. Miezi ikapita, vijana wakarudi kuwa watu.

Sasa imefika siku ya kupima afya kwa ajili ya leseni. Kwenye fomu kuna maswali: umewahi kuugua ugonjwa wa akili? Umetumia dawa gani? Wa kwanza anaandika "hapana", anatia saini na kuondoka na cheti chake mfukoni. Wa pili anaandika ukweli. Anaambiwa akae pembeni, ataitwa.

Ndugu msomaji, kesho wewe ni abiria. Ungependa nani kati ya hawa wawili akurushe? Na unadhani nani kati yao atakuwa kwenye usukani?

Kijiwe kimehukumu, kanuni haijahukumu

Ukikaa vijiweni, iwe stendi ya Same, Moshi au Kariakoo, utakuta hukumu imekwisha kutolewa: ukishameza kidonge cha kichwa, kazi ya ndege basi. Hukumu hii inatembea kwa mdomo, mwanafunzi anamrithisha mwanafunzi, na kila anayeugua anajifunza somo moja tu: nyamaza.

Hebu tuitazame kanuni yenyewe. Rubani wa ndege za biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza. Kwa kawaida hukifanya upya kila baada ya miezi 12, na akishavuka miaka 60 ni kila miezi 6. Hata mwongoza ndege aliyeko mnarani ana cheti chake, cha daraja la tatu. Vigezo hivi havikutungwa Dar es Salaam. Vimetoka katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Nchi yetu imo humo tangu 1962. Kanuni zetu, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), zimejengwa juu ya kiambatisho hicho. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, ambao kazi yake mojawapo ni kuoanisha kanuni za nchi wanachama.

Je, kiambatisho kinasemaje kuhusu kijana wetu wa pili? Kwa maneno yetu wenyewe ni hivi: mwombaji mwenye sonona anayetibiwa kwa dawa ahesabiwe kuwa hafai, isipokuwa daktari mtathmini wa mamlaka, akiwa amepata taarifa zote za mgonjwa huyo, aone kwamba hali yake haielekei kuathiri usalama wa kazi yake.

Soma tena neno "isipokuwa". Huo ni mlango. Hauko wazi, lakini haukujengewa ukuta. Kiambatisho hicho kina mlango wa pili pia: mtu asiyetimiza kigezo fulani cha afya anaweza kupewa cheti ikiwa wataalamu waliokubaliwa na mamlaka watathibitisha kwamba, kwa mazingira yake, kasoro hiyo haihatarishi safari.

Kwa hiyo anayekwambia kwamba kidonge kimekufungia mbingu maisha yote anakupa habari za kijiweni. Ila na sisi tusidanganyane. Yapo maradhi ya akili, hasa yale ya kusikia sauti na kuona yasiyokuwepo, ambayo yanamweka mtu chini, na pengine asirudi tena angani. Huko hakuna mjadala. Mjadala wetu ni wa aliyepata sonona, akatibiwa na kutulia.

Kasoro ni kwamba neno "isipokuwa" halijitafsiri lenyewe. Dawa ipi inakubalika? Mtu atulie miezi mingapi kabla ya kuitwa tena? Barua ya daktari gani inatosha? Akikataliwa aende wapi? Bila majibu yaliyoandikwa mahali pa wazi, hatima ya kijana iko mikononi mwa yeyote aliyekaa mezani siku hiyo.

Mwongo akishika usukani

Wapo watakaoruka sasa hivi na kusema: "Mnatetea wagonjwa wa akili warushe ndege? Mmesahau yule Mjerumani?" Hatujamsahau. Yeye ndiye shahidi wetu wa kwanza.

Tarehe 24 Machi 2015, ndege ya Germanwings iliyotoka Barcelona kwenda Düsseldorf iligonga milima ya Alps nchini Ufaransa. Watu wote 150 walikufa. Rubani msaidizi, Andreas Lubitz, mwenye miaka 27, alisubiri nahodha atoke, akamfungia mlango kwa ndani, akaishusha ndege kwa makusudi. Wachunguzi wa Ufaransa walitoa ripoti yao Machi 2016, na yaliyomo yanatuhusu sana.

Lubitz aliwahi kuugua sonona akiwa mafunzoni, na mwaka 2009 alirudishiwa cheti chake kwa masharti maalumu. Ugonjwa uliporudi hakusema. Alizunguka kwa madaktari binafsi mmoja baada ya mwingine, alipewa dawa, alipewa barua za kupumzika kazini, akazificha. Wiki mbili kabla ya siku ile daktari alimshauri akatibiwe katika hospitali ya magonjwa ya akili. Kampuni haikujua, na mamlaka ya anga haikujua. Alikuwa na mkopo wa takriban euro 41,000 uliotokana na gharama za mafunzo. Wachunguzi waliandika kwamba hofu ya kupoteza leseni na kipato ni miongoni mwa mambo yanayowafanya marubani wasijitokeze.

Umeona? Sheria ya Ulaya ilikuwepo, fomu ilikuwepo, vipimo vilikuwepo. Kilichokosekana ni sababu ya mgonjwa kusema ukweli.

Usidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Tarehe 29 Novemba 2013, ndege ya shirika la LAM la Msumbiji, iliyotoka Maputo kwenda Luanda, ilianguka kaskazini mwa Namibia na kuua watu wote 33. Uchunguzi ulionyesha kuwa nahodha alibaki peke yake chumbani, mlango ukafungwa, na ndege ikaelekezwa chini kwa makusudi. Na tarehe 11 Oktoba 1999 pale Gaborone, rubani wa Air Botswana aliyekuwa amezuiwa kuruka kwa sababu za kiafya alichukua ndege peke yake, akazunguka angani kwa muda mrefu akizungumza na mnara, kisha akaiangusha juu ya ndege nyingine mbili za shirika lake zilizoegeshwa. Alikufa yeye tu, lakini shirika lilibaki halina ndege za kurusha.

Yule wa Gaborone anatufundisha kitu ambacho yule Mjerumani hakutufundisha. Kumsimamisha mtu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumshika mkono baada ya kumsimamisha: atatibiwa wapi, atakula nini, atarudi lini na kwa masharti gani. Ukimtoa mtu kwenye kiti chake ukamwacha getini na barua mkononi, umeliondoa tatizo kwenye meza yako tu.

Tuelewane hapa. Mgonjwa wa sonona si muuaji. Visa hivi ni vichache mno ukilinganisha na mamilioni ya safari, na ndiyo maana vinakumbukwa. Wagonjwa wengi humuumiza mtu mmoja tu, nafsi yao, tena kimyakimya. Na ni wengi kuliko tunavyokiri. Watafiti wa Harvard waliwauliza marubani bila kuwataja majina, matokeo yakatoka Desemba 2016: kati ya 1,848 waliojibu maswali ya sonona, asilimia 12.6 walikuwa na dalili zinazofikia kiwango cha ugonjwa. Mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine uliohusu marubani 3,765 wa Marekani: asilimia 56.1 walikiri kwamba wamewahi kukwepa matibabu, au kumficha daktari jambo, kwa hofu ya cheti.

Zaidi ya nusu! Na hao ni wa nchi tajiri, yenye bima na wanasheria. Sisi wa kuuza tangawizi tutakuwaje?

Wenzetu walifungua dirisha

Sasa tuone waliojaribu njia nyingine. Australia imewaruhusu marubani wanaotumia dawa za sonona kuruka chini ya uangalizi tangu miaka ya 1980. Mwaka 2007 watafiti walichapisha hesabu ya zaidi ya miaka 10, kuanzia 1993. Waliwachukua marubani 481 waliotumia dawa hizo, wakawalinganisha na wenzao wasiozitumia. Kwa ajali na matukio ya hatari, hawakuona tofauti ya maana. Dawa iliyotangazwa na kusimamiwa haikuangusha ndege.

Marekani walikuwa wagumu kwa miaka mingi. Ukimeza, umekwisha. Aprili 2010 mamlaka yao ya anga, FAA, ikabadili msimamo. Ikataja dawa nne kwa majina: fluoksetini, sertralini, sitalopramu na esitalopramu. Mgonjwa wa sonona nyepesi au ya wastani aliyetulia kwa miezi 12 kwenye dawa mojawapo aliruhusiwa kuomba cheti maalumu, apimwe na daktari bingwa wa akili, apimwe na uwezo wa kufikiri na kukumbuka, na aendelee kufuatiliwa. Baadaye muda huo wa kusubiri ulipunguzwa, na mwaka 2024 dawa nyingine zikaongezwa kwenye orodha.

Lakini kilicho kikubwa zaidi katika uamuzi ule wa 2010 ni hiki: walitoa miezi sita ya msamaha. Rubani aliyekuwa ameficha ugonjwa au dawa alipewa nafasi ya kujitokeza bila kuadhibiwa na mamlaka kwa uongo wa zamani. Walijua kwamba huwezi kumwambia mtu "sema ukweli" huku umeshika rungu nyuma ya mgongo.

Ulaya nao, baada ya msiba wa Alps, waliyalazimisha mashirika ya ndege kuanzia 2021 kuwa na mpango wa marubani kusaidiana, ambapo anayezidiwa anamfuata mwenzake aliyefundishwa kabla mambo hayajaharibika.

Nao hawajamaliza. Oktoba 2023 rubani wa Marekani aliyekuwa likizo, akisafiri ndani ya chumba cha marubani, alijaribu kuzima injini ndege ikiwa angani. Baadaye alieleza kwamba alikuwa na sonona ya muda mrefu na aliogopa kutibiwa kwa sababu ya cheti. Badala ya kwenda hospitali alikula uyoga wa kulevya. Mwaka huo huo serikali yao ilikiri kuwachunguza marubani karibu 5,000, askari wa zamani, waliodhaniwa kuwa wameificha mamlaka ya anga maradhi waliyoyataja kwingine ili walipwe fidia. Kwa hiyo hatusemi tuwaige kila kitu. Tunasema wao walau wameandika masharti yao na mtoto wa shule anaweza kuyasoma.

Dawa ya mlalahoi, dawa ya kigogo

Turudi Same. Tuseme kijana wetu alizidiwa akiwa likizo nyumbani. Hospitali iliyo karibu ni ya wilaya, au ile ya Walutheri kule Gonja. Daktari anafungua kabati la dawa. Dawa ya sonona iliyozoeleka katika hospitali zetu kwa miaka mingi ni amitriptilini: ya zamani, ya bei nafuu, inayofanya kazi. Kasoro yake kwa rubani ni moja: inaleta usingizi, inachelewesha mwitikio, na hata kwenye ile orodha ya Marekani haimo. Fluoksetini, ambayo imo, inahitaji bahati ya kabati, au nauli ya kwenda Moshi, kama kilomita 100, hadi KCMC, au pesa ya duka la dawa mjini.

Umeupata mchezo? Mtoto wa kigogo anapelekwa kwa bingwa Nairobi au ng'ambo, anaandikiwa dawa inayokubalika, anarudi na faili lenye barua tatu zilizopigwa muhuri. Mtoto wa mlalahoi anapewa kilichopo, na kilichopo ndicho kinachomfungia. Ugonjwa ni uleule na moyo uliozama ni uleule. Kinachotofautisha ni nauli.

Wala kanda yetu si ngeni katika tiba hii. Lutindi, kule milima ya Usambara upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 kikageuka hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza Afrika Mashariki. Zaidi ya miaka 100 imepita. Na bado mtu wa Same akisema anakwenda kwa daktari wa akili, kijiji kizima kinajua habari kabla basi halijafika Mwanga.

Halafu kuna sheria inayomziba mtu mdomo kabisa. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mwingereza, kifungu cha 217, inasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Fikiri wewe ni kijana uliyefikia ukingoni, ukarudi. Fomu inakuuliza kama umewahi kujaribu kujidhuru. Ukijibu ndiyo, unahofia leseni, na juu yake unahofia polisi. Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikitangaza kuwa kinapingana na Katiba. Sisi tunangoja nini?

Somo la wazee wa Mbiru

Watani humcheka Mpare kwamba yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Acha wacheke. Upo wakati ambapo ubishi huo uliifundisha dola adabu, na ilikuwa papo hapo Same.

Miaka ya vita kuu ya pili, serikali ya kikoloni pamoja na watawala wa jadi walileta kodi mpya upareni. Kila mtu angekadiriwa mali yake, shamba, mifugo na kipato, kisha angeambiwa alipe kiasi gani. Mgogoro huo umebaki na jina la Mbiru, na Profesa Isaria Kimambo aliuandikia kitabu kilichotoka 1971. Januari 1945 watu kwa maelfu waliteremka kutoka milimani, wakaja kukaa makao makuu ya wilaya, Same. Hawakuja na mikuki. Walikaa chini. Mwaka 1946 hata akina mama wa Usangi waliandamana. Mwishoni wakubwa wakaachana na mpango huo.

Zingatia hoja yao, maana ndiyo hoja yetu leo. Wazee hawakukataa kulipa kodi. Walisema watalipa. Walichokataa ni kukadiriwa na watu wachache kwa kipimo ambacho hakuna aliyekiona, ambapo leo jirani yako anaandikiwa hiki na wewe mwenye shamba lilelile unaandikiwa kile. Walitaka kiwango kinachojulikana na kila mtu.

Sisi nasi hatukatai kupimwa. Rubani lazima apimwe, tena kwa ukali, maana amebeba roho za watu. Tunakataa kukadiriwa gizani.

Tunachodai

Kwanza, TCAA iandike kwa Kiswahili, lugha ya mzazi anayeuza shamba kulipa ada, karatasi moja inayoeleza wazi: dawa zipi za sonona zinaweza kukubalika, mtu atulie muda gani, alete nyaraka gani, nani anaamua na kwa siku ngapi. Ibandikwe kwenye kila shule ya urubani na kwa kila daktari aliyeidhinishwa kupima marubani.

Pili, kila anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na anwani ya kukatia rufaa. "Utaitwa" si jibu la serikali kwa raia.

Tatu, uwepo msamaha wa muda maalumu kama ule wa 2010 kwa wenzetu, ili waliokwisha kuficha wajitokeze na kutibiwa. Hao wako angani tayari. Kuwanyamazia hakuwashushi.

Nne, mashirika ya ndege, la umma na ya binafsi, yaweke utaratibu wa rubani anayeugua kuendelea kupata riziki yake akiwa anatibiwa. Anayejua kwamba watoto watakula mwezi ujao atasema anaumwa. Anayejua watalala njaa atasema yuko fiti.

Tano, kifungu cha 217 kiondoke.

Mtu atauliza: "Hii ni ajenda ya wangapi? Marubani ni wachache." Ni kweli ni wachache. Lakini kila aliyewahi kupanda ndege, kila mgonjwa aliyewahi kubebwa na ndege ndogo kutoka porini, roho yake ilikuwa mikononi mwa mmoja wao. Na jambo lenyewe haliishii angani. Dereva wa basi la Arusha anayepita Same usiku na abiria zaidi ya 50, naye ana moyo unaoweza kuzama. Tukijua kumtendea haki rubani, tutajua na huko barabarani.

Na wewe kijana

Serikali tumeiambia yake. Sasa wewe unayesoma gazeti hili kijiweni, au uliyeazimwa na mwenzako, sikiliza.

Kama una ndoto ya urubani, pima afya ya daraja la kwanza kabla mzazi hajauza chochote. Wengi hufanya kinyume, wanalipa ada kwanza. Kama umewahi kutibiwa sonona, usingoje fomu ikushtukize. Nenda kwa aliyekutibu upate barua inayosema uliugua nini, lini, ulipewa dawa gani, kiasi gani, ulianza na kuacha lini, na hali yako ikoje leo. Weka nakala zako mwenyewe, maana mafaili ya hospitali zetu unayajua.

Kama uko kwenye dawa, usiiache ghafla ili "uwe safi" siku ya kupimwa. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi, na ugonjwa unaweza kurudi na nguvu mpya. Mwambie daktari anayekutibu, tangu siku ya kwanza, kwamba kazi yako ni kurusha ndege, ili akiwa na chaguo akuchagulie dawa isiyokulaza. Na ukianza dawa, ukibadilishiwa au ukipunguziwa, usiruke. Hata nchi zenye huruma hazimruhusu mtu kuruka wakati huo.

Ukiambiwa hufai, uliza: kwa kifungu kipi? Kwa muda gani? Nifanye nini ili nitazamwe tena? Uliza kwa heshima na uandike jibu. Ubishi wa Kipare usio na karatasi ni kelele.

Na kama hauko angani wala huna mpango huo, lakini asubuhi zimekuwa mzigo wa gunia kwa wiki sasa, na umeanza kufikiri kwamba wenzako wangekuwa heri bila wewe, nenda hospitali leo. Mchukue rafiki mmoja mfuatane. Usimsikilize anayesema mwanamume halii. Huyo atakuja mazikoni kwako, atakula pilau na kurudi kwake.

Fomu ile haina haya. Inauliza tu. Aliyejibu kweli asiwe mjinga wa hadithi, na aliyejibu uongo asiwe nahodha wetu. Wazee waliteremka Same kwa miguu kudai kipimo kinachoonekana. Sisi tuna kalamu na simu, na anwani ya TCAA iko wazi kwa yeyote. Andika barua yako wiki hii.